Mbayuwayu wa Waya na Mbayuwayu wa Shimo

Kila mwaka, kati ya mwishoni mwa Septemba na katikati ya Oktoba, huja asubuhi moja ambayo nyaya za umeme zinazopita mbele ya nyumba yetu hapa Uyole, Mbeya, hukutwa zimejaa ndege wadogo wenye mikia ya panda, wamejipanga kama shanga katika uzi, huyu anajichokoa manyoya, yule anapiga domo, na jana yake hapakuwa na hata mmoja. Mama muuza maandazi wa kona yetu ana kauli moja tu kuhusu ndege hao: "Mvua hizo, dada, anza kutafuta mbolea." Nimekuwa nikitaka kuandika habari zao kwa muda mrefu, lakini nimeona siwezi kuziandika bila kumleta ndugu yao mmoja ambaye mama muuza maandazi hajawahi kumwona, ingawa huyo ndiye mzaliwa wa milima ya huku kwetu.

Ndege wa kwenye nyaya ni mbayuwayu wa Ulaya, ambaye wataalamu humwita Hirundo rustica, jina alilopewa na mwanasayansi Linnaeus mwaka 1758. Mgongo wake ni wa buluu inayong'aa, koo na paji la uso vina rangi ya kutu, na kifuani ana mkanda wa buluu uliokatiza upande hadi upande. Ana uzito wa gramu 20 hivi, sawa na vijiko vitano vya chai vya sukari, na kwa uzito huo huo amesafiri maelfu ya kilomita kutoka kwenye mabanda ya ng'ombe na maghala ya wakulima alikozaliwa. Zamani wasomi wa Ulaya waliamini kwamba mbayuwayu hawaendi popote, bali hujizika katika matope ya maziwa na kulala humo mpaka baridi iishe. Mwezi Mei 1911 Mwingereza mmoja, John Masefield, alimvisha mbayuwayu pete ndogo mguuni huko Staffordshire. Desemba 1912 ndege yule akakamatwa shambani Natal, Afrika Kusini, pete ikiwa bado mguuni, na hadithi ya matope ikakosa pa kusimama.

Kuna jambo moja kuhusu ndege huyu ambalo hunifurahisha kila ninapolikumbuka. Mbayuwayu wa Ulaya habadilishi manyoya yake ya mabawa na mkia akiwa kwao, maana huko ana kazi ya kulea. Huyabadilisha akiwa Afrika, unyoya mmoja baada ya mwingine, katika miezi hii ya mvua zetu. Kwa hiyo manyoya anayorukia kule Ulaya, yale yale ambayo watu wa huko huyatazama wakisema majira ya joto yamefika, yameoteshwa kwa kumbikumbi, mbu na inzi wa Afrika. Ukimtazama kwa darubini mwezi wa Januari utaona mkia wake umepungua nyuzi za pembeni na mabawa yana mapengo, na usidhani ni mgonjwa.

Sasa ndugu yake. Katika majuma hayo hayo ya Septemba na Oktoba, juu ya uwanda wa Kitulo, katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, mbayuwayu mwingine huwasili kutoka upande wa kaskazini, baada ya kuvuka eneo la Ziwa Victoria. Huyu ni mbayuwayu buluu, Hirundo atrocaerulea, aliyeelezwa kisayansi na Msweden Sundevall mwaka 1850. Jina lake la pili lina maana ya buluu iliyokolea mpaka kukaribia weusi, na ndivyo alivyo mwili mzima, bila koo la kutu wala tumbo jeupe. Dume ana nyuzi mbili za mkia nyembamba na ndefu sana, ndefu kuliko za jike, na akigeuka ghafla hewani huonekana michirizi michache ya weupe ubavuni. Wawili hawa hufika pamoja na huondoka pamoja, mwezi wa Machi na Aprili, lakini mmoja huja kwetu kula na kuotesha manyoya, na mwingine huja kuzaa. Wa kwanza ni mgeni. Wa pili, ingawa hukaa Uganda, magharibi mwa Kenya na kaskazini-mashariki mwa Kongo kwa nusu ya mwaka, kitovu chake kimezikwa huku.

Hapa lazima nimzuie msomaji ambaye tayari anasema, "Mbona mbayuwayu wanajenga barazani kwangu?" Wale wanaobandika viota vya udongo chini ya mapaa yetu ni wengine, hasa yule mwenye michirizi kifuani na kisogo cha rangi ya kahawia nyekundu. Yupo pia teleka, ambaye watu wengi humwita mbayuwayu kwa sababu ya mabawa yake, ingawa si jamaa yake hata kidogo. Mbayuwayu wa kweli wamo katika kundi kubwa la ndege waimbao, pamoja na chiriku na shore, jambo ambalo huwashangaza watu kwa kuwa uimbaji wao si wa kusifiwa: dume wa Ulaya hupiga mfululizo wa sauti za haraka haraka na kuumalizia kwa mkwaruzo, kama mtu anayezungusha redio akitafuta stesheni.

Mara ya kwanza nilipopanda Kitulo kumtafuta mbayuwayu buluu nilirudi nikijisifu kwamba nimeona kumi na wanne. Nilipanda kwa bodaboda kutoka Chimala, kwa ile barabara ya Matamba ambayo kila mtu huiita Hamsini na Saba kwa sababu ya kona zake, na nilipofika juu ukungu ulikuwa umeshuka kiasi kwamba hata ng'ombe wa shamba la mifugo walionekana kama vivuli. Ndege weusi wenye mikia ya panda walikuwa wakizunguka ukingoni mwa msitu, nami nikawahesabu, nikaandika katika daftari, na jioni nikawatumia marafiki ujumbe wa ushindi. Rafiki mmoja aliye mjuzi kuliko mimi akaniuliza swali moja tu: "Chini ya mabawa walikuwa na weupe?" Walikuwa nao. Niliowaona wote kumi na wanne walikuwa mbayuwayu weusi wa pembezoni mwa misitu, ndege wa kawaida kabisa wa milima hii, ambao huruka polepole kama karatasi iliyopeperushwa. Katika ukungu, buluu na weusi ni kitu kimoja. Ukurasa ule wa daftari bado ninao, nimeupiga mstari mwekundu.

Mara ya pili nilikwenda Desemba na nilimkuta mzee mmoja wa Matamba aliyekuwa akirudi kuangalia viazi vyake. Nilimwamkia, akaitika, "Marahaba, mwanangu," kisha akauliza nimepoteza nini nyasini. Nilipomweleza, hakucheka kama nilivyotarajia. Alisema ndege huyo anamfahamu tangu alipokuwa akichunga, kwamba hulala chini ya ardhi kama panya, na kwamba wao wakiwa watoto walikatazwa kuingiza mkono katika shimo lake kwa kuwa huenda likawa na nyoka. Akanionyesha kwa fimbo mteremko uliokuwa umbali wa kutupa jiwe mara mbili tatu, akaniambia nikae kimya na nisisimame mbele ya mlango.

Mlango wenyewe ulikuwa shimo la muhanga, yule mnyama wa usiku mwenye masikio ya punda na pua ya nguruwe ambaye huchimba akitafuta mchwa na siafu. (Huyu ni muhanga yule yule ambaye jina lake tumelitwika kila mtu aliyefikwa na balaa.) Nilikaa nyasini karibu saa nzima, nguo zikiwa zimelowa mpaka kiunoni, nikisikia baridi ambayo mtu wa Dar es Salaam hataiamini nikimwambia ni ya Tanzania. Kisha kitu cha buluu kilipita mbele yangu chini sana, pengine futi mbili juu ya maua, hakikupiga bawa hata mara moja, kikageuka, kikazama ardhini. Nilihesabu hadi ishirini na moja ndipo kikatoka. Jua lilikuwa limechomoza kidogo, na mgongo ule ulikuwa na mng'ao wa chuma kilichopakwa mafuta. Ndani ya mashimo ya namna hiyo, kwenye dari au ukutani, ndege hawa hubandika nusu bakuli ya tope na nyasi, wakatandika vinyweleo na manyoya, na jike hutaga mayai mawili au matatu. Sikuchungulia, mzee alinikataza, na ndege aliyetishwa kiotani huweza kukitelekeza.

Tofauti ya hali za ndege hawa wawili, kwa maoni yangu, imo yote katika shimo lile. Mbayuwayu wa Ulaya aliacha mapango na majabali zamani sana, akahamia majumbani mwa watu, na tangu hapo popote mwanadamu alipojenga banda la ng'ombe, daraja au ghala, alimjengea na yeye bila kujua. Hutaga mayai manne au matano, mara mbili kwa msimu, na anaishi Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini. Idadi yake duniani ni mamia ya milioni. Mbayuwayu buluu hakuhamia popote. Anahitaji nyasi za milimani zenye ukungu na mvua nyingi, anahitaji vibonde vya maji karibu, na anahitaji shimo ambalo hawezi kulichimba mwenyewe, liwe la muhanga au lililofanywa na maji yanayotiririka chini ya udongo. Kimojawapo kikiondoka, na yeye ameondoka. Hana mpango wa pili.

Ndiyo maana katika Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ambayo tangu mwaka 1964 imekuwa ikipima uwezekano wa viumbe kutoweka, wawili hawa wamekaa mbali mbali. Wa Ulaya yumo katika daraja la viumbe wasiotia wasiwasi mkubwa. Buluu yumo katika la chini kati ya madaraja matatu ya viumbe wanaokabiliwa na hatari ya kutoweka, kwa sababu idadi yake ni ndogo na inaendelea kushuka. Huko Afrika Kusini, ambako vielelezo vya Sundevall vilitoka, orodha ya taifa imemweka daraja la juu kabisa la hatari: nyanda zake za nyasi zenye ukungu zimegeuzwa mashamba ya mipaina, mikaratusi na miwa, na jozi zilizobaki ni chache kiasi kwamba watu wanavifahamu viota kimoja kimoja.

Nitoe angalizo kuhusu daraja la mgeni wetu. Kutotia wasiwasi mkubwa si sawa na kuwa salama. Orodha ile ile inaeleza kwamba idadi ya mbayuwayu wa Ulaya nayo inapungua, kwa kuwa ufugaji wa kisasa umefunga mabanda kwa milango isiyopitisha hata inzi, na dawa za mashambani zimewamaliza wadudu. Ila yeye anapungua kutoka kwenye wingi mkubwa. Mwenzake anapungua kutoka kwenye uchache.

Nimefika mahali ambapo ningependa kumlaumu mtu, na mtu wa kwanza ninayemwona ni mimi. Miaka kadhaa iliyopita, ofisi niliyokuwa nikifanya kazi ilitupeleka kupanda miti katika kilele kimoja kilichokuwa na nyasi tupu, kama tulivyosema wakati ule. Tulivaa fulana za kijani, tulipanda miche ya milingoti, yaani mikaratusi, tulipiga picha, na nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba nimehifadhi mazingira. Mbali na hilo, familia yetu ina ekari nne za mipaina huko Makete, ambazo baba alizipanda kama wenzake wote walivyopanda, na ada yangu ya chuo kwa sehemu ilitoka kwenye mbao. Kwa hiyo siandiki kama mtu anayechukia miti.

Hata hivyo, anayesafiri leo kutoka Mafinga kwenda Njombe, kisha akapinda kuelekea Makete, huona jinsi nyanda za juu kusini zilivyobadilika. Upande wa Mufindi lipo shamba la miti la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini; Njombe ipo miwati iliyoletwa na kampuni ya enzi za ukoloni mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya magome ya kutengenezea ngozi; na kati ya hayo yote wapo maelfu ya watu wa kawaida kama sisi, kila mmoja na ekari zake mbili, tatu, ambao kwao mpaina ni akaunti ya benki isiyo na makato. Kila halmashauri inatakiwa ipande miti milioni 1.5 kwa mwaka. Agizo hilo lina faida zake katika nchi iliyokatiwa misitu kwa mkaa, lakini limetufundisha kuona kosa mahali pasipo na mti. Tunaita mahali hapo pori tupu, tunapatafutia matumizi. Akili za kuambiwa changanya na zako, husema Watanzania, na mbayuwayu naye amechomekwa ndani ya msemo huo.

Nyanda za nyasi za Kitulo si msitu uliokatwa ukashindwa kurudi. Zina mimea mingi isiyopatikana kwingine, ikiwamo okidi za ardhini za aina zaidi ya 40, na mimea hiyo inataka jua, haiwezi kuishi kivulini. Mmea wa namna hiyo hauzuki kwa miaka hamsini baada ya mtu kufyeka. Nyasi zile zina umri mrefu kuliko ukoo wowote uliowahi kuchunga juu yake. Ukizipanda mipaina, kwa macho ya setilaiti umeongeza kijani, na kwa macho ya mbayuwayu buluu umejenga ukuta. Hawezi kuwinda kati ya mashina, wala muhanga hachimbi panapokosa mchwa. Ng'ambo ya mpaka, katika uwanda wa Nyika huko Malawi, ambako ndege huyu bado ana ngome yake nyingine, miaka ya 1950 ilipandwa mipaina ya majaribio kwa ajili ya kiwanda cha karatasi ambacho hakikujengwa. Mradi ungefanikiwa, leo tungekuwa tunaongea kuhusu ngome moja pungufu.

Kitulo yenyewe iliponea chupuchupu, na haikuponea kwa sababu ya ndege. Ilipotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ikiwa na kilomita za mraba 412.9, sababu kubwa ilikuwa maua, maana wachimbaji walikuwa wakizing'oa okidi kwa magunia na kupeleka viazi vyake Zambia kupikia chikanda. Mwaka huo huo nyani kipunji alitangazwa kwa ulimwengu na magazeti yakamwandika. Mbayuwayu buluu aliingia hifadhini kama abiria aliyedandia gari la wengine, jambo ambalo sina ubishi nalo mradi amefika. Lakini mipaka ya hifadhi haimfuati anapoondoka. Kuanzia Aprili makazi yake ni nyasi na mabonde ya Uganda na magharibi mwa Kenya, na huko, ukiacha sehemu chache zilizolindwa kama Hifadhi ya Taifa ya Ruma, mashamba yanamfuata kila mwaka. Wanaopanda miwa na kukausha vinamasi kule wana sababu zile zile tulizo nazo sisi wa mipaina.

Watu huniuliza kama kuna kifanyikacho nje ya hifadhi, na jibu langu ni dogo na la kiutendaji: mtu asipande miti mpaka kwenye maji, asifukie mashimo ya muhanga kwa kuhofia ng'ombe kuvunjika miguu bali ayawekee alama, na asichome nyasi wakati ndege wameshaanza kujenga. Mzee wa Matamba hufanya hayo yote bila kusoma orodha yoyote. Shimo alilonionyesha ameliwekea mawe matatu kandokando, kwa ajili ya ng'ombe, si kwa ajili yangu.

Mipaina ya baba imekomaa, na mwaka huu kaka yangu ameanza kuzungumza na wanunuzi. Nilimwomba kwamba baada ya kuvuna tusirudishie miche katika ule mteremko wa chini unaopakana na bonde, karibu nusu ekari, tuache nyasi zirudi zenyewe. Nilimwambia ukweli kwamba sijawahi kumwona mbayuwayu buluu pale na huenda nisimwone. Kaka alinyamaza kwenye simu, kisha akauliza ndege huyo atalipa kodi ya shilingi ngapi kwa nusu ekari. Nikamwambia nitamlipia mimi. "Haya, dada," akasema, "lakini ujue nakutoza kwa bei ya viazi, si ya mbao." Tumekubaliana tutaandikiana.